Somo la Kiklingoni Nyuma ya Bweni

Wewe unayenisikiliza, sogea kidogo, maana nitaanza na sentensi moja rahisi na sitaki ikupite. Mtoto anakunywa maji. Ni rahisi, sivyo? Mtoto ametangulia, tendo likafuata, maji yakaja mwisho. Sasa igeuze. Weka maji mbele, acha tendo palepale katikati, mlete mtoto nyuma: maji anakunywa mtoto. Cheka tu, kila mwanafunzi wangu alicheka hapo. Lakini katika lugha ninayotaka kukueleza hiyo ndiyo sentensi sahihi, na huandikwa hivi: bIQ tlhutlh puq. Kinachofanyiwa hutangulia, tendo hufuata, mtendaji hufunga safari. Ukiishika kanuni hiyo umeshavuka mahali panapowatoa wengi jasho.

Lugha yenyewe ni Kiklingoni. Haina kijiji wala kaburi la babu. Ilibuniwa kwa ajili ya sinema za mambo ya angani, ili wapiganaji wa sayari isiyokuwepo wawe na maneno ya kugombania. Mimi sikuwa nimeona hata sinema moja kati ya hizo. Niliijua lugha kabla ya kuwajua wasemaji wake, kupitia kitabu chembamba kisicho na jalada nilichokikuta chini kabisa ya sanduku la vitabu vya msaada, katika maktaba ya shule ya wasichana ya bweni huko Machakos. Nilikuwa kidato cha pili, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Nilikifungua nikidhani ni Kijerumani. Herufi kubwa zilisimama katikati ya maneno kama meno yaliyoota vibaya, na hilo peke yake lilinifanya nikipende.

Ili uelewe kwa nini wasichana wa Ukambani walitaka kujifunza lugha kama hiyo, lazima nikueleze kwanza habari ya diski.

Diski haikuwa diski. Kilikuwa kipande cha mbao cha mviringo, kikubwa kama kifuniko cha mkebe wa kakao, kilichong'arishwa na mikono ya wasichana wa miaka mingi. Sheria ilikuwa hivi: Jumatatu hadi Alhamisi tuzungumze Kiingereza, Ijumaa Kiswahili, na lugha ya nyumbani isisikike siku yoyote. Aliyeteleza akasema hata neno moja la Kikamba mbele ya shahidi, alipewa diski. Aliificha mfukoni na kuzunguka nayo, masikio yamemsimama, mpaka amnase mwingine amkabidhi. Saa kumi na moja jioni ya Ijumaa tulipanga mistari na mwalimu wa zamu aliuliza iko kwa nani. Msichana aliyebaki nayo alikwenda Jumapili, baada ya ibada, kuwakatia ng'ombe wa shule majani ya nepia mpaka kengele ya jioni.

Kiklingoni hakikuwemo katika sheria. Hakikuwa lugha ya nyumbani ya mtu yeyote, hata kwao waliokibuni. Kwa hiyo nilipoanza kuwaambia wenzangu maneno mawili matatu, wakaona mlango. Wanne hivi tukawa tunakutana saa kumi, wakati wa michezo, nyuma ya bweni, kwenye kamba za kuanikia nguo. Shuka zilizoning'inia zilitukinga na macho ya matroni. Mimi nilikuwa mwalimu. Sijui nani alinipa cheo, nafikiri nilikichukua tu. Napenda kueleza. Tangu utotoni, mtu akiniambia hajaelewa, moyo wangu hufurahi kana kwamba nimepewa zawadi.

Wanafunzi wangu walikuwa watatu. Wa kwanza alitoka Kithimani, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuchoka. Wa pili alikuwa binti wa mfanyabiashara Msomali wa mjini aliyeuza mbuzi na ng'ombe. Huyu hakuwahi kupewa diski hata mara moja, na alilalamika kuhusu jambo hilo.

"Mimi hata nikitaka kuvunja sheria," alikuwa akisema, "nitavunja na nani? Nimesimama hapa peke yangu na Kisomali changu kama mtu aliyebeba sukari na hakuna chai."

Wa tatu alitoka Kalama. Huyu ndiye ninayemsimulia. Alikuwa mpole, mrefu, na Kiingereza kilimtesa. Darasani alisimama kujibu na sentensi ikamkwama kooni, wengine wakaguna, akaketi. Lakini nyuma ya bweni niligundua jambo. Nilipomwekea sentensi ya Kiklingoni kando ya sentensi ya Kikamba, aliiona mara moja. Kiklingoni huweka mtendaji na mtendewa katika kichwa cha tendo, kama sisi. Ninakuona ni neno moja kwetu, na kwao ni neno moja pia: qalegh. Hiyo qa- inabeba mimi na wewe kwa pamoja. Wa Kithimani alihangaika nayo wiki nzima kwa sababu alikuwa akitafsiri kutoka Kiingereza. Wa Kalama aliichukua siku hiyohiyo.

"Ala," alisema, "kumbe hawa watu ni wa kwetu!"

Kwa ajili yake nikaweka mapatano. Nyuma ya kamba za nguo, wakati wa somo, Kikamba ni ruhusa. Yeyote awaye na diski ataiacha ilale mfukoni mpaka tutakapotoka. Tuliweka mikono juu ya daftari langu, mmoja juu ya mwingine, na binti wa Msomali akaweka wake akasema, "Mimi ni shahidi, maana sielewi mnachosema." Tangu siku hiyo msichana wa Kalama alianza kuzungumza. Nikisema mtoto anakunywa maji, aliiweka kwanza kwa Kikamba, polepole, akihesabu vipande kwa vidole, kisha aliigeuza. Alikosea, akacheka, akarudia. Muhula mzima sikumwona akicheka mahali pengine.

Sasa inakuja Ijumaa yenyewe.

Jumapili iliyokuwa ikifuata ilikuwa ya wageni. Tulikuwa nayo moja tu kila muhula. Wazazi walikuja na vikapu, tukatandika leso kwenye nyasi, tukala mpaka tukashindwa kutembea. Mama yake msichana wa Kalama alifanya kazi katika nyumba ya watu Nairobi, na katika miaka miwili hakuwa amepata ruhusa Jumapili hata moja ya wageni. Safari hii alikuwa ameipata. Barua ilifika Jumanne. Msichana aliibeba ndani ya soksi yake wiki nzima, na sisi sote tuliisoma zaidi ya mara moja.

Ijumaa ile baada ya chakula cha mchana nilitumwa na mpishi kuchuma sukumawiki katika shamba la shule, pamoja na msichana wa kidato cha tatu. Nilipoinua jani, nyoka akapita juu ya kiatu changu. Nikapiga kelele, "Nzoka!" Ndilo neno lililokuja. Huyo msichana wa kidato cha tatu aliruka nyuma kama mimi, lakini nyoka alikuwa bado hajamaliza kuingia kwenye majani wakati diski ilipokuwa imeshatua kiganjani mwangu.

"Pole, dada," aliniambia, huku akihema kwa furaha. "Nyoka anaitwa nyoka."

Ilikuwa yapata saa nane. Nilikuwa na saa tatu. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, angekuja Jumapili pamoja na mama. Alikuwa na tabia ya kuwaambia watu kwamba hajawahi kuitwa shuleni kwa ajili yangu. Nilimwona akilini akishuka njia ya shule akiwa na tai yake, akiniulizia, na mwalimu wa zamu akinyoosha kidole kuelekea shamba la nepia. Nilizunguka mabweni yote. Niliwasalimu watu nisiowasalimu. Niliuliza maswali ya kijinga. Lakini Ijumaa ya kabla ya wageni wasichana walifunga midomo kana kwamba wana maji ndani. Walinijibu kwa vichwa. Mmoja alikanyagwa kidole na mwenzake akasema "Uuu" tu, ambayo si ya lugha yoyote.

Saa kumi nikaenda kufundisha.

Nimejaribu miaka mingi kujiambia kwamba nilienda kwa sababu ilikuwa saa ya somo. Si kweli. Nilipokuwa natembea kuelekea kamba za nguo nilikuwa tayari nimechagua sentensi. Wa Kithimani asingefaa, alikuwa amezoea kujibu kwa Kiswahili. Binti wa Msomali hakuwa na Kikamba cha kutoa. Alibaki mmoja, na nilijua jinsi ya kumfungua mdomo kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kuufungua.

Walikuwa wameketi juu ya ndoo zilizopinduliwa. Nikawaambia leo tuna sentensi nzuri: mama anamwona mtoto.

"Hiyo ni ya Jumapili!" alisema wa Kithimani, akimsukuma mwenzake begani. Msichana wa Kalama akajificha uso kwa daftari.

"Anza nayo kama kawaida," nikamwambia. "Iweke kwanza kwa lugha ya nyumbani, halafu tuigeuze."

Alinitazama.

"Leo pia?" akauliza.

"Leo pia. Unaogopa nini? Si mimi ni mwalimu wako?"

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Ningeweza kuyapamba, lakini nimekuahidi moyoni nisifanye hivyo.

Akanyoosha vidole vyake kama desturi yake. "Mwaitu," akasema, ndiyo mama, na kidole cha kwanza kikakunjwa. Akaendelea mpaka mwisho wa sentensi bila kukosea, akanikodolea macho akingojea nimsifu. Nikatoa diski mfukoni nikaiweka juu ya daftari lake.

Shuka moja ilikuwa ikidondosha maji juu ya bega langu na sikusogea.

"Wee," binti wa Msomali alisema hatimaye. "Hiyo ni mchezo?"

"Nimepewa leo mchana," nikasema. "Ingekuwa mtu yeyote."

"Na mapatano?"

"Mapatano si sheria ya shule."

"Mimi sikusikia kitu," alisema, akasimama na kukung'uta sketi yake. "Shahidi hakuna. Rudisha."

Lakini wa Kithimani alikuwa ameshaanza kucheka kile kicheko chake cha woga. "Aki mimi nimesikia. Sheria ni sheria. Na ikirudi kwake, saa hizi si itatafuta mwingine? Itanitafuta mimi!"

Binti wa Msomali alinigeukia. "Baba yangu anauza mbuzi," alisema. "Anawauza kila siku. Lakini hajawahi kumwambia mbuzi kwamba ni mgeni." Akaondoka, na shuka zikamfunika.

Msichana wa Kalama hakuteta. Aliichukua diski, akaigeuza upande mmoja na mwingine kana kwamba hajawahi kuiona, akaitia mfukoni. Kisha akaniuliza, na hili ndilo linalonitesa, "Sasa ukiigeuza inakuwaje?" Nikamwambia. puq legh SoS. Mtoto anamwona mama, ukiisoma kwa macho yetu, lakini maana yake ni kwamba mama ndiye anayeona. Aliandika.

Alikuwa na saa nzima ya kumtafuta mwingine. Hakumtafuta. Nilimwona ameketi kwenye ngazi za bweni akikwangua matope kwenye viatu vyake vya Jumapili. Saa kumi na moja mwalimu wa zamu aliuliza diski iko kwa nani, naye akatoka mstarini. Mwalimu akauliza amepewa na nani. Akanitaja. Hakusema wapi wala vipi. Mwalimu alinitazama akatabasamu. "Huyu yuko macho," aliwaambia wote. "Igeni mfano wake." Wasichana wakanipigia makofi matatu, kama ilivyokuwa desturi.

Jumapili baba alikuja na tai yake na mama na kikapu. Tulitandika leso karibu na ofisi. Nilikuwa nimekula chapati moja wakati mama aliponigusa goti.

"Yule mama pale amekaa peke yake tangu tufike. Hajapata mtoto wake?"

Alikuwa ameketi kwenye benchi ya ofisi, kiondo magotini, mikono miwili juu ya kiondo. Alivaa kitambaa kipya kichwani, mikunjo ya dukani ilikuwa bado inaonekana. Kabla sijasema kitu mama alikuwa ameshamwendea. Mama yangu hawezi kula mtu akimtazama. Akamleta, akamketisha kati yetu, akampa kuku.

Walizungumza Kikamba, watu wazima hawakuwa na diski. Alisema amefika saa nne. Alisema ameambiwa mtoto yuko kwenye kazi ya shule na atakuja kazi ikiisha, lakini yeye mwenyewe lazima aondoke saa tisa, wenye nyumba wanamngojea awapikie watoto. Kisha akasema kwamba binti yake amemwandikia barua kuhusu msichana mmoja wa darasa lake, anayemfundisha kwa upole, hamkemei akikosea, anamfundisha mpaka lugha ya watu wa nyota.

"Huyo atakuwa huyu wetu!" baba alisema, akinipiga mgongoni. "Huyu na hayo maneno yake. Anatutia wazimu nyumbani."

Mama yule alinigeukia na uso wote. "Ni wewe?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa mikavu, yenye mipasuko ya sabuni. "Mungu akubariki, mwanangu. Yule mtoto alikuwa haongei. Sasa niambie, hiyo kazi ni gani inayofanywa siku ya wageni?"

"Ni zamu, mama. Tunapokezana."

Nilisema hivyo nikiwa nimemtazama usoni. Tulikuwa hatua mia mbili hivi kutoka shamba la nepia. Ningeweza kuinuka, kumwendea mwalimu wa zamu, kusema ninayoyasema hapa. Pengine angenipeleka mimi shambani na kumwachia yeye. Nililiwaza jambo hilo lote, hatua kwa hatua, kama ninavyopenda kuwaza mambo. Kisha nikanyoosha mkono nikachukua chapati ya pili.

Saa tisa mama yule aliinuka. Alitoa kiondoni mfuko wa karatasi akanikabidhi nimpe binti yake. Halafu akachimba tena, akatoa kalamu mpya ya wino wa bluu, akaniambia hiyo ni yangu, ya kazi yangu ya ualimu. Nikaipokea kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa kupokea.

Binti yake alirudi kengele ilipolia, vipande vya nepia vimemnasa kwenye sweta. Nikampa mfuko. Aliuliza kama mama yake amekula. Nikasema amekula kuku. Akasema vizuri. Alikwenda kitandani kwake akaufungua akiwa amenipa mgongo.

Unaweza kudhani aliacha kuja kwenye somo. Alikuja. Jumatatu saa kumi alikuwa juu ya ndoo yake na daftari. Ila hakusema tena. Nikimuuliza, aliandika jibu na kunionyesha. Lilikuwa sahihi karibu kila mara. Nilimwambia kwa upole wangu wote, ule upole niliosifiwa, ajaribu kwa sauti. Alitikisa kichwa na kuandika. Binti wa Msomali hakurudi kabisa. Wa Kithimani alichoka baada ya wiki mbili. Tukabaki wawili nyuma ya shuka, mimi nikieleza, yeye akiandika, mpaka muhula ukaisha, na sikuwa na ujasiri wa kusema neno lolote lisilohusu sentensi.

Miaka ilipita, nikawa na kazi ofisini mjini Machakos, na saiba za intaneti zikafunguliwa karibu na stendi. Jioni moja niliandika jina la lugha ile kwenye kompyuta ya kukodi nikakuta watu. Walikuwa wengi, wa nchi mbalimbali, wakiandikiana. Kila siku aliingia mgeni aliyekwama kwenye sentensi yake ya kwanza. Nikaanza kuwajibu. Niliwaambia, umekaribia sana, sasa mlete mtendaji nyuma. Niliwaambia wasiogope viambishi, sisi tunaishi navyo kila siku. Mmoja aliandika kwamba hajawahi kupata mwalimu mvumilivu kama mimi, akauliza nilijifunzia wapi. Nilijibu kwamba nilijifunza na marafiki shuleni. Nikafunga kompyuta kabla muda wangu haujaisha.

Nilimkuta msichana wa Kalama mwaka uliofuata, huko Katelembo, nilipoingia katika duka la nafaka kununua ndengu. Alikuwa nyuma ya mizani.

"Mwalimu!" alisema, na hakukuwa na kejeli. Aliniuliza habari za nyumbani, akaniulizia wazazi. Sauti yake ilikuwa kubwa, ya mtu anayeuza. Nilifurahi kuisikia. Nikaanza kuomba radhi vibaya, bila mpangilio, maneno ya mwisho yakitangulia.

Alinisikiliza huku akichambua vijiwe kwenye ndengu zangu.

"Mimi nilijua uko nayo," alisema.

"Nini?"

"Diski. Wewe ukifundisha mikono yote miwili inaongea. Siku hiyo mmoja ulikuwa mfukoni tangu ufike."

"Na ukajibu?"

"Si ulisema nisiogope? Nikajiambia, hata kama yuko nayo, huyu hawezi." Alimimina ndengu kwenye mfuko akaufunga. "Ndio maana sikuitafutia mtu. Nilikuwa nafikiria tu jinsi nilivyokosea."

Nilimuuliza habari za mama yake. Akasema ameacha kazi za Nairobi, yuko nyumbani Kalama, na bado humuulizia yule msichana mpole aliyekula naye kuku. "Sijawahi kumwambia," alisema. "Si kazi yangu kumwambia."

Nilikwenda Kalama Jumamosi iliyofuata. Mama alinitambua mlangoni, akapiga kigelegele, akaniketisha, akaweka chai. Alisimulia kwa jirani jinsi nilivyomfungua binti yake mdomo. Nilikunywa kikombe cha kwanza nikisema nitamwambia nikimaliza. Nikanywa cha pili. Nikarudi nyumbani na mfuko wa mihogo na sikuwa nimesema.

Wiki mbili baadaye nikarudi. Safari hiyo nilisimama uani, nikakataa kiti, nikamwambia yote, kuanzia nyoka mpaka zamu ambayo haikuwa zamu. Alikuwa akipepeta mahindi. Aliacha kupepeta.

"Nilikaa kwenye benchi ile tangu saa nne," alisema. "Uliniona?"

"Nilikuona, mama."

"Na alikuwa karibu?"

"Alikuwa karibu. Mtu akiita angesikia."

"Haya," alisema. Akaanza tena kupepeta. Hakuniambia niketi na hakuniambia niende. Nikasimama mpaka mahindi yakaisha, kisha nikamuaga, akaitikia.

Kwa hiyo, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ukienda kumwambia mtu ulilomkosea, liseme ukiwa bado umesimama, kabla hujapokea kikombe.